Dada wa Chuo, Usisubiri Mwezi wa Harusi Ndipo Ukumbuke Mwili Wako



Tunawaandikia kutoka Temeke, huku ng'ambo, tunakoshona magauni ya harusi, maabaya na madera. Wateja wetu wengi ni mabinti wa chuo. Wapo waliozaliwa hapa hapa Mbagala, Tandika na Yombo, na wapo waliovuka na boti kutoka Unguja na Pemba kuja kusoma, huku mchumba akisubiri wamalize mwaka wa tatu. Sisi wenyewe hatukufika chuo kikuu. Tulimaliza sekondari, tukasoma ushonaji, tukaanza na cherehani moja ya kukanyaga, na leo Alhamdulillah tuna duka letu ghorofa ya pili. Kwa hiyo msitegemee tuongee kama madaktari. Lakini fundi anayepima miili ya wanawake kila siku kwa zaidi ya miaka 10 huona mambo, na baadhi ya tuliyoyaona yanatutia hofu.

Kufika dukani kwetu lazima upande ngazi. Si nyingi. Siku moja alikuja bibi harusi mtarajiwa, binti wa miaka 23, kaja na mama yake na bibi yake mzaa mama kutoka Pemba. Bibi alifika juu wa kwanza, akatoa salamu, akaanza kushika vitambaa. Binti alifika wa mwisho, kashika ukuta, akaomba kiti na maji kabla hatujaanza kumpima. Bibi akamwangalia, akacheka kidogo, akasema, "Mjukuu wangu, mie nimezaa watoto tisa, na maji nilikuwa nayachota bondeni. Nyie wenzetu pumzi mnaziacha wapi?"

Tulicheka sote, na binti naye alicheka. Lakini yule bibi alipoondoka, swali lake lilibaki pale dukani. Mabinti hawa wamesoma kuliko sisi. Wanajua kompyuta, wanajua sheria, wengine wanasomea uuguzi na ualimu. Pumzi wanaziacha wapi?

Kabla hatujajibu, tuseme kosa letu wenyewe, maana si vizuri kumnyooshea mwenzio kidole wakati wako umejaa masizi.

Miaka michache iliyopita alikuja dada mmoja wa mwaka wa tatu. Tulimpima kifua, kiuno na hipsi, akachagua mshono wa kubana kiunoni na mkia mrefu nyuma. Tulimwambia maneno ambayo mafundi wengi huyasema bila kufikiri: "Dada, ukipunguza kidogo tumboni gauni litakaa vizuri zaidi." Tulisema tukiwa tunaandika vipimo, wala hatukuinua macho. Yeye aliyachukua maneno yale akaenda nayo hosteli. Aliporudi kujaribisha, zikiwa zimebaki siku 12 kabla ya nikahi, kiuno kilikuwa kimepungua sentimita 6, uso umemkauka na midomo imepasuka. Tukamsifia! Tukamwambia mashaAllah. Akasimama mbele ya kioo tumfunge zipu, na hapo hapo magoti yakalegea, akatuangukia mikononi na gauni lake.

Alipozinduka ndipo alipotuambia. Kwa wiki tatu alikuwa anaishi kwa maji ya limau, tango, na majani fulani ya kukata tumbo aliyoyanunua mtandaoni, huku yuko kwenye mitihani. Hakuwa amefanya zoezi lolote tangu aingie chuo. Alitaka kufanya kwa wiki tatu kazi ya miaka mitatu, kwa njia ya njaa.

Alhamdulillah alipona, na harusi ilifanyika. Usiku wa kuamkia harusi tulikaa tukifumua mshono na kuachia nafasi, kwa sababu alikuwa ameanza kula tena. Usiku ule tulielewana dukani kwamba kuanzia siku ile gauni ndilo litakalofuata mwili. Mwili wa mtoto wa watu hautalazimishwa kufuata gauni. Na tangu hapo hatumwambii bibi harusi yeyote apungue.

Sasa msituelewe vibaya. Hatusemi kwamba wembamba ndio afya. Sisi ni watu wa pwani, unene kwetu si aibu, na wapo wanene wenye pumzi na wembamba wasioweza kubeba ndoo moja. Futi yetu inapima kiuno. Haipimi moyo wala mapafu, na haiwezi kutuambia usiku ulilala saa ngapi. Tunachosema ni kwamba miaka ile ya chuo, kuanzia 19 hadi 24 hivi, ndiyo miaka ambayo mwili wa mwanamke unajiwekea akiba ya maisha, na wengi wetu tunaipitisha tumekaa.

Angalieni jambo hili moja. Vijana wengi wanaomaliza kidato cha sita hupelekwa JKT kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorudishwa mwaka 2013 baada ya kusitishwa mwaka 1994. Mabinti zetu wanakwenda, wanaamka alfajiri, wanakimbia mchakamchaka, wanalima, wanabeba. Tumewapima wengine waliotoka huko. Mabega yamenyooka, wanatembea kama watu wenye haraka ya maana. Tukiwapima tena wako mwaka wa tatu, ni watu wengine. Mgongo umepinda kama wa kwetu tunaoinamia cherehani, shingo imesogea mbele kwa simu, na wanalalamika kichwa, usingizi na kiuno. Mwili ni ule ule, ila umekaa chini miaka mitatu.

Na wala si uvivu, tusiwaonee. Mwanafunzi anayeishi Mbagala na kusoma Mlimani anaondoka nyumbani giza na kurudi giza. Saa nyingi zinaishia kwenye daladala, amesimama amebanwa au amekaa amelala. Akifika chuo anakaa darasani, akitoka anakaa maktaba, akirudi hosteli anakaa kitandani na kompyuta mapajani kwa sababu chumba cha watu wanne hakina meza. Chakula cha haraka na cha kushibisha ni chipsi mayai na soda. Hosteli nyingi za binafsi huku kwetu hazina hata uwanja wa kuanikia nguo, sembuse wa kuchezea. Na akisema atoke akimbie barabarani jioni, kuna bodaboda za kumpigia honi na vijana wa kijiweni wa kumtolea maneno. Mwenye hijabu anaogopa mara mbili. Wa nje wanamshangaa, na wa ndani wanamwambia hana haya.

Matokeo yake hayaonekani kwetu tu. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema kwa mwaka 2022 karibu theluthi moja ya watu wazima duniani, asilimia 31, hawakuwa wakiushughulisha mwili kiasi cha kutosha, na wanawake ni nyuma ya wanaume: asilimia 34 kwa 29. Hapa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Wanawake wa umri huo ndio tunaowashonea.

Kiasi kinachotakiwa si kikubwa. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2020 unasema mtu mzima afanye angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yaani yale ya kukufanya upumue haraka lakini bado unaweza kuongea. Ukizigawa ni nusu saa kwa siku 5. Ukiongeza na siku 2 za kutia misuli nguvu, umemaliza. Muda huo ni mfupi kuliko tamthilia moja ya jioni na matangazo yake.

Na faida yake haingoji uzee. Mwanafunzi anayefanya mazoezi hulala vizuri zaidi, na usingizi ndio unaohifadhi aliyoyasoma mchana. Mazoezi hupunguza wasiwasi na huzuni, mambo ambayo mabinti wengi wa chuo wanayabeba kimya kwa kuogopa kuambiwa wana mashetani. Wengi hupata nafuu ya maumivu ya hedhi. Msuli unaofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu, ndiyo maana kutembea kunasaidia kukinga kisukari. Mifupa nayo hufikia kilele cha uimara wake mwishoni mwa miaka ya 20. Ukishapita hapo unatumia ulichoweka. Mwanamke anayekaa miaka yote ya chuo anaingia kwenye ndoa na akiba ndogo.

Hili la kisukari tunalijua ndani ya duka. Mmoja wetu aligundulika nacho akiwa na miaka 33. Tulikuwa tumekaa kwenye cherehani saa 10 kwa siku, chapati na chai ya sukari mezani, tukijisifu kwamba tunachapa kazi. Na kazi kweli tulichapa, ila kwa mikono na mguu mmoja tu. Daktari alimpa dawa, kisha akamwambia atembee. Sasa tunatembea sote kutoka nyumbani hadi dukani asubuhi, na mwenzetu sukari yake imetulia kwa rehema za Mwenyezi Mungu. Tungeanza tukiwa na miaka 20, labda hadithi ingekuwa nyingine.

Ninyi mabibi harusi watarajiwa mnaambiwa mjiandae. Kuna singo, kuna hina, kuna udi, kuna somo wa kukufunda jinsi ya kumpokea mume na kuongea na mawifi. Yote ni mazuri, na sisi tunakula mkate kwa hayo. Lakini nani anakuandaa kwa uzito wa ndoo? Kwa kubeba mimba miezi tisa, kisha kubeba mtoto wa kilo 10 ubavuni huku unapika? Kwa kuamka usiku mara nne na asubuhi uende kazini ukafundishe darasa la watoto 80? Huko ndiko kujiandaa na maisha, na shahada peke yake haikupi pumzi ya kufanya hayo. WHO inawashauri hata wajawazito wasio na tatizo la kiafya wapate zile dakika 150 kwa wiki, kwa kumsikiliza daktari au mkunga wao, kwa sababu mazoezi hupunguza hatari ya kisukari cha mimba. Mwili uliozoea kutembea kabla ya ndoa hautashangaa ukiambiwa utembee wakati wa mimba.

Na kuna ibada. Tukipata nafasi ya kwenda Makka, ile sai baina ya Safa na Marwa ni mara saba, zaidi ya kilomita 3 ukizijumlisha. Bibi Hajar alikwenda mbio akimtafutia mwanawe maji, na mpaka leo umma mzima unapita alipopita mwanamke yule. Wangapi katika sisi tunaweza kumaliza saba zile kwa miguu yetu wenyewe tukiwa na miaka 50?

Hapa ndipo tunaposikia maneno kutoka kwa watu wetu. Tuyajibu kwa upole.

La kwanza, wanasema mwanamke wa Kiislamu hakimbii. Dada zetu, Bibi Aisha (R.A.) alishindana mbio na Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Wakati ni kijana mwepesi alimshinda. Baadaye alipoongezeka mwili, Mtume akamshinda yeye, akatania kuwa sasa wamelipana. Tumeisikia hadithi hii madrasa tangu tuko wadogo. Huyo ni mama wa waumini, na ndani ya hadithi hiyo hiyo kuna ndoa yenye mapenzi na mchezo. Mtume (S.A.W.) ametufundisha pia kwamba muumini mwenye nguvu ni bora na anapendwa zaidi na Allah kuliko muumini dhaifu, ingawa kwa wote wawili kuna kheri, na kwamba mwili wako una haki juu yako. Haki ya mwili haiishii kwenye kuupaka losheni.

La pili, wanasema swala tano ni mazoezi tosha. Swala ni ibada, tunaiswali kwa sababu Allah ameamrisha, na hatuigeuzi kuwa kitu cha kuhesabia jasho. Kweli inanyoosha viungo, lakini rakaa za utulivu hazikutoi pumzi, wala hazikukusudiwa hivyo. Masahaba waliswali kuliko sisi, na bado walitembea majangwani, walilima na walipanda farasi.

La tatu linasemwa kwa kunong'ona. Mama mmoja alituambia anamkataza binti yake kuruka kamba na kuendesha baiskeli kwa sababu "ataharibika" kabla ya ndoa. Tunajua wako wengi wenye hofu hiyo, ndiyo maana tunaisema wazi. Mwaka 2018 WHO pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa walitamka kwamba hakuna kipimo cha mwili kinachoweza kuthibitisha kama msichana amewahi kuingiliwa au la. Stara ya binti iko katika mwenendo wake na hofu yake kwa Mola wake. Kumnyima kamba ya kuruka hakumlindi na zinaa. Kunamnyima mifupa imara tu.

La nne ni nguo, na hapa tuko kwenye kazi yetu. Mwaka 2004 huko Australia, mwanamke mmoja mzaliwa wa Lebanon, Aheda Zanetti, alibuni burkini. Lakini kabla ya vazi hilo la kuogelea alianza na vazi la mpwa wake, mtoto wa kike aliyetaka kucheza netiboli na hijabu yake. Aliona shida, akakata kitambaa. Leo wanawake wanashindana wamejistiri. Mwaka 2014 FIFA iliruhusu rasmi hijabu uwanjani, na mwaka 2016 Ibtihaj Muhammad wa Marekani alipata medali ya shaba ya Olimpiki huko Rio katika mchezo wa vitara akiwa amejifunika. Kule kwenu Nungwi, wasichana wamefundishwa kuogelea wakiwa na burkini chini ya mradi wa Panje. Kilichotuzuia si dini. Tumekosa vazi, mahali na mtu wa kutupa ruhusa.

Vazi hatuhitaji kuagiza ng'ambo. Chagua kitambaa cha pamba chenye kuvutika kidogo, kisichoonesha ndani na kisichonata kwa jasho. Suruali iwe pana mapajani, ikusanywe kwa lastiki kifundoni isije ikakukwaza. Juu iwe kanzu fupi inayofika magotini, pindo liwe pana ili mguu usizuiwe, na chini ya kwapa mwambie fundi aongeze kipande ili mkono uinuke bila nguo yote kupanda. Ushungi uwe wa kuvaa kichwani moja kwa moja, bila pini, ufunike kifua. Ongeza sidiria inayoshika vizuri na raba zinazokutosha. Basi. Fundi yeyote wa mtaani anaweza kushona, na bei yake haifiki hata ya shela.

Sasa mahali. Huku Temeke, pale Chang'ombe, kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, DUCE, na jirani yake kuna Uwanja wa Uhuru na Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000. Kila tunapopita barabara ile tunawaza: mabinti wanasomea ualimu hatua chache tu kutoka kwenye uwanja mkubwa kuliko yote nchini, na wengi wa wateja wetu wanaosoma vyuo mbalimbali vya jiji hili wanatuambia michezo kwao ni ya kutazama, wanaume wakicheza. Upande wa Kinondoni kuna makao makuu ya Chuo Kikuu Huria, ambako wanafunzi wengi ni watu wazima, mama wa nyumba na wafanyakazi wanaosoma kwa kujitegemea usiku. Hao hawana hata kengele ya kuwaambia sasa ni muda wa michezo. Lazima wajipangie wenyewe.

Kwa hiyo tunaviomba vyuo vyetu, vya serikali na vya binafsi, kitu kimoja kidogo: saa moja, siku tatu kwa wiki, ukumbi wenye mapazia na mwalimu wa kike. Hatuombi majengo mapya. Ukumbi wa mitihani ukikaa mtupu jioni unatosha. Mpeni binti mlango wa kufunga, muone kama hatakimbia.

Viongozi walishasema. Desemba 2016 Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na ikaelekezwa kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi watu wafanye mazoezi. Mwanamke wa Kizanzibari, kajitanda mtandio wake, anatuambia tusogeze miili. Na ninyi wa visiwani mmetutangulia, kwa sababu vikundi vya mazoezi vya alfajiri kwenu ni jambo la kawaida, na tarehe 1 Januari mnaianza na siku ya mazoezi kitaifa. Basi binti akivuka bahari kuja kusoma, asiache tabia hiyo bandarini.

Wewe uliye hosteli leo, usingoje chuo kikupe ukumbi. Anza hivi:

Tafuta wenzako watatu. Mtu mmoja huacha, wanne huoneana haya kuacha. Usitoke peke yako gizani. Ngojeni baada ya Alfajiri kupambazuke, mtembee haraka nusu saa, njia yenye watu.

Shuka daladala kituo kimoja kabla, ukiwa mchana na njia ni salama. Ngazi ukizikuta, zipande.

Chumbani nunua kamba. Ruka dakika 2, pumzika 1, rudia mara 5. Siku mbili kwa wiki chuchumaa na kuinuka mara 12, sukuma ukuta kwa mikono mara 12, rudia mara tatu. Ndoo yako ya maji ni chuma cha kunyanyulia, iinue kwa magoti na siyo kwa mgongo.

Jumamosi chezeni rede. Tuliicheza mpaka magharibi tukiwa wadogo, nani alitwambia tumekuwa wakubwa mno?

Ramadhani ikifika punguza, usiache. Tembea kidogo karibu na kufuturu au baada ya tarawehe.

Na kama una ugonjwa wa moyo, pumu, au unaumwa kifua ukitembea, muone daktari kwanza.

Wazazi, mkimnunulia binti kompyuta ya chuo, mnunulieni na raba. Mkimuuliza matokeo, muulizeni na usingizi wake. Na ninyi wachumba mnaosoma haya kwa mabega ya dada zenu, msimwambie mtu "punguza tumbo kabla ya siku yetu." Mwambieni "twende tukatembee," mkishafunga ndoa. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe, hakumpimia kiuno.

Mafundi wenzetu, tuache yale maneno. Acheni nafasi ya mshono sentimita 4 kila upande, mteja akinenepa au akipungua gauni lina pa kwenda. Binti akija na kiuno kilichopungua ghafla, msiseme mashaAllah kabla hamjamuuliza amekula nini.

Yule dada aliyetuangukia dukani alirudi mwaka jana. Alikuja kushonesha nguo ya mazoezi, yake na ya mwanafunzi mmoja anayeishi nao nyumbani. Amezaa, ananyonyesha, ni mwalimu. Tulipoandika vipimo vyake, kiuno kimeongezeka kuliko siku ile ya gauni. Hatukusema neno. Alikuwa amepanda ngazi zetu na mtoto begani, na hakuomba kiti.

Ya Allah, tupe afya katika miili yetu, utupe nguvu za kukuabudu na kuwatumikia tunaowapenda, na uwajaalie mabinti zetu ndoa zenye kheri na maisha marefu yenye manufaa. Aamin.

Wabillahi tawfiq.